Kizunguzungu cha kwenye sujudi na macho yanayocheza: tatizo liko sikioni au kwenye ubongo?

Katika maradhi yanayofika kwetu yakiwa yameshapewa jina huko nyumbani, mojawapo ni hili la mtu anayepatwa na kizunguzungu kila kichwa chake kinapokaa mkao fulani. Akisimama yuko sawa. Akitembea yuko sawa. Lakini anapoweka kipaji cha uso chini katika sujudi, au anapojigeuza ubavu usiku, au anapotazama juu kushusha kitu darini, dunia inazunguka, na wanaomtazama wanaona macho yake yanacheza yenyewe.

Ni hayo macho yanayotisha watu. Kizunguzungu peke yake kinavumilika, husemwa ni njaa au uchovu wa shamba. Macho yakicheza, neno linabadilika: amepandwa, amerogwa. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, tunajua neno hilo linaweza kufika wapi. Wako wanaojiita kamchape, wanaopita vijijini wakidai kufukua uchawi, na nyuma yao huacha bibi kizee amefukuzwa kwake au ndugu wa tumbo moja hawazungumzi. Hospitali inakuja ya mwisho, na wakati mwingine inaletewa mtu ambaye masaa yake ya kutibika yameshapita.

Nataka leo tuyatazame macho hayo kwa utulivu. Kwa sababu jinsi yanavyocheza ndiyo inayoeleza ugonjwa uko wapi. Kuna kucheza kunakotokana na chembe ndogo zilizopotea njia ndani ya sikio, na huko hakuna hatari kubwa. Hutibika kwa kulazwa na kugeuzwa kichwa kwa utaratibu. Na kuna kucheza kunakotoka kwenye ubongo wenyewe. Huko hakuna kusubiri.

Jaribu hili na gazeti lako

Chukua gazeti hili ulilonalo. Lishike kwa mkono mmoja ulitikise kulia na kushoto kwa haraka, huku unajaribu kusoma mstari huu. Herufi zinachanganyika, husomi kitu. Sasa gazeti litulie, utikise kichwa chako kwa mwendo ule ule. Unasoma bila shida.

Tofauti hiyo ni kazi ya mfumo wa fahamu. Kichwa kinapogeuka kulia, macho yanasukumwa kushoto kwa kipimo kile kile, ndani ya muda usiofika sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ili unachokitazama kibaki mahali pake. Hukuamrisha wewe. Amri imetoka sikio la ndani, ikapita mshipa wa fahamu wa nane, ikaingia kwenye shina la ubongo, na kutoka hapo ikaenda kwenye misuli sita inayoligeuza kila jicho. Subhanallah, jambo hili hufanyika mchana kutwa tangu utotoni na wengi wetu hatujawahi kulisikia.

Sikio la ndani limezama ndani ya mfupa, na si kwa ajili ya kusikia tu. Kila upande kuna mifereji mitatu iliyopinda kama pete, imejaa maji. Kichwa kikizunguka, maji yanabaki nyuma kidogo na kusukuma utando wenye vinyweleo, na vinyweleo vinaupa taarifa mshipa wa fahamu. Pembeni ya mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo sana za chokaa zilizolala juu ya ute mzito. Chembe hizi zina uzito. Ukiinama zinavutwa chini, na ubongo unajua kwamba kichwa kimeinama. Kwa hiyo mifereji inasema: kichwa kinazunguka. Vifuko vinasema: chini ni upande huu.

Sasa hapa pana jambo ambalo wanafunzi wetu wa uganga hulipita haraka, nami naona ndilo ufunguo. Sikio halikai kimya hata ukiwa umetulia. Pande zote mbili hupeleka ishara muda wote kwa kiwango sawa, na ubongo hutazama tofauti kati yake, kama muuza duka anavyotazama mizani ya sahani mbili. Ukigeuka kulia, upande wa kulia unazidi na wa kushoto unapungua. Ikitokea upande mmoja ukazidi na wewe hujageuka, ubongo hauna namna ya kujua kwamba umedanganywa. Unaamini kichwa kinazunguka, na unayasukuma macho polepole upande wa pili. Yakifika pembeni, sehemu nyingine ya ubongo inayarudisha kwa mruko wa haraka. Yanasukumwa tena, yanarudishwa tena. Huko ndiko kucheza kwa macho, au nistagmasi kwa jina la hospitali. Watu huuona ule mruko wa haraka na kudhani ndio ugonjwa. Mruko ni marekebisho tu. Kosa liko kwenye ule mwendo wa polepole ambao jicho la mtazamaji haliutambui kirahisi.

Chembe zilizopotea njia

Aliyelifungua jambo hili ni tabibu wa masikio aliyezaliwa Vienna mwaka 1876, Robert Bárány. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, akaona maji yakiwa baridi macho yanacheza upande mmoja, yakiwa ya moto yanacheza upande wa pili. Kwa kazi aliyoijenga juu ya hilo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi. Mwaka 1921 alieleza habari za mwanamke kijana ambaye kizunguzungu na kucheza kwa macho vilimjia kwa kulala mkao fulani tu. Mwaka 1952, huko London, Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza vizuri namna ya kumlaza mgonjwa ili kuuamsha ugonjwa huo mbele ya macho ya tabibu, na mpaka leo tunatumia njia yao.

Kinachotokea ni hiki. Zile chembe za chokaa hubanduka kutoka kwenye kifuko chao, kwa uzee, au kwa kichwa kugongwa (na sisi wa bodaboda tuna habari za kutosha kuhusu kugongwa kichwa), au bila sababu inayojulikana, zikaingia ndani ya mfereji usio wao. Ukilala, chembe zinateremka ndani ya mfereji na kuyavuta maji. Mfereji unapiga kelele: tunazunguka! Wewe umelala tuli.

Kwa kuwa ni chembe zinazoporomoka ndani ya maji, macho nayo hufuata tabia hiyo. Mgonjwa akilazwa kichwa kimening'inia na kugeuzwa upande wenye tatizo, kwanza hakuna kitu kwa sekunde chache. Kisha macho yanaanza kuzunguka kwenye mhimili wake kama gurudumu, yakirukia juu. Kizunguzungu ni kikali, mgonjwa anakushika mkono kwa nguvu. Chembe zikifika chini zinatulia, na macho nayo yanatulia, mara nyingi kabla ya dakika moja kwisha. Akikalishwa, macho yanaweza kucheza tena kinyume. Ukirudia kumlaza, safari ya pili huwa hafifu kuliko ya kwanza.

Huyu tiba yake haina kidonge. John Epley, daktari wa Portland huko Marekani, alichapisha mwaka 1992 utaratibu wa kumgeuza mgonjwa hatua kwa hatua, kichwa kikipitia mikao minne mpaka mitano, ili chembe zitembee na kurudi kwenye kifuko chake. Unahitaji kitanda na mikono ya mtu aliyefundishwa. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu ambavyo watu hununua dukani miezi na miezi havizitoi chembe hizo mferejini, bali humfanya mzee asinzie na kuanguka.

Kosa likiwa kwenye ubongo

Sasa tuje kwenye lile gumu. Taarifa za sikio haziendi moja kwa moja kwenye macho bila msimamizi. Nyuma ya kichwa, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo, na katikati yake sehemu ya chini kuna kipande kidogo ambacho kazi yake ni kusimamia taarifa hizi. Kina kazi mbili, nami nitazieleza kwa vitu vya kwetu.

Ya kwanza ni breki. Pindua baiskeli matairi juu, zungusha pedeli kwa nguvu kisha uache. Gurudumu la nyuma linaendelea lenyewe mpaka ushike breki. Shina la ubongo nalo lina gurudumu kama hilo: likipata taarifa ya mzunguko kutoka sikioni, linaihifadhi na kuirefusha, kwa sababu taarifa ya mfereji yenyewe hufifia baada ya sekunde chache hata kama bado unazunguka. Ni jambo jema, lakini kichwa kikisimama lazima kuwe na wa kushika breki. Ubongo mdogo ndio unaoshika, baada ya kusikia kutoka kwa vifuko kwamba kichwa kimetulia.

Ya pili ni timazi. Fundi mwashi hajengi ukuta kwa kukisia. Ananing'iniza timazi ajue wapi ni chini. Kifuko cha sikio peke yake hakiwezi kutofautisha kuinama na kusukumwa kwa ghafla, maana vyote viwili huzivuta zile chembe. Ubongo mdogo unachukua maneno ya mifereji na maneno ya vifuko, unayalinganisha, na kutoa hesabu moja: chini ni huku.

Kipande hicho kikiharibika, breki inalegea na timazi inapinda. Mtu akiwa amekaa wima hesabu inaweza kuwa karibu na sahihi, na macho yakatulia kabisa. Akilala chali, au akiinamisha kichwa chini, hesabu inakuja na kosa, na ubongo unayasukuma macho kwa mzunguko ambao haupo. Ndiyo maana ugonjwa wa ubongo nao unaweza kuonekana katika mkao mmoja tu na kujificha katika mkao mwingine, na ukadhaniwa ni wa sikio. Watafiti waliondoa sehemu hiyo kwa wanyama, na wanyama hao wakapata macho ya kucheza kwa mkao ingawa masikio yao yalikuwa mazima.

Tabia yake ni tofauti, kwa kuwa hapa hakuna chembe ya kuporomoka na kutulia. Mara nyingi macho huanza kucheza pale pale kichwa kinapofika kwenye mkao, bila kungoja. Yanaendelea muda wote mkao ukiwepo. Dakika inapita, mbili zinapita, bado. Ukirudia, yanarudi kwa nguvu ile ile. Na mara nyingi yanarukia chini moja kwa moja, bila kuzunguka kama gurudumu. Lililo la ajabu zaidi, mgonjwa anaweza kukuambia hasikii kizunguzungu kikubwa huku macho yake yanarukaruka mbele yako. Macho yanayocheza sana na mwenyewe hana habari, hayo yanishughulishe mimi tabibu kuliko yule anayelia kwa kizunguzungu.

Alama hizi zinaelekeza, hazihukumu. Chembe zikiingia mfereji wa pembeni, macho hucheza kwa ulalo na yanaweza kupita dakika moja, na upo ugonjwa wa ubongo unaoiga ule wa sikio karibu kwa kila kitu. Kwa hiyo tunatazama na vingine: je, mtu anatembea sawa? Anaongea sawa? Anaona vitu viwili viwili? Akitaka kugusa pua yake, kidole kinayumba?

Vinavyoharibu ubongo mdogo kwetu huku

Vitabu vya Ulaya vinaanza na ugonjwa wa kukauka kwa utando wa mishipa ya fahamu, ambao kwetu ni nadra kuonekana. Mimi naanza na presha. Kiharusi cha ubongo mdogo kinaweza kuanza na kizunguzungu cha ghafla na kutapika bila mkono wala mguu kupooza, na kwa kuwa hakuna kupooza, nyumba nzima inasema si kiharusi. Mtu mzima mwenye presha au kisukari akipata kizunguzungu cha ghafla na hawezi hata kukaa au kusimama bila kushikwa, au ana kichwa kinachouma kuliko siku zote, au maneno yanakwama, au chakula hakipiti kooni, asilazwe nyumbani kusubiri asubuhi. Ubongo mdogo ukivimba unalibana shina la ubongo, na hapo ndipo pumzi ya mtu ilipo.

La pili ni dawa za kifafa. Fenitoini na kabamazepini, na hata fenobabitoni, zikizidi kipimo zinaulevya ubongo mdogo: macho yanacheza, mtu anayumba kama mlevi, anasinzia. Kijana wa watu aliyeanza kuyumba baada ya kuongezewa dawa anaonekana sasa amerogwa mara ya pili. Tafadhali sana, msimkatishe dawa ghafla. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Mrudisheni kwa aliyempa dawa akiwa na vidonge vyenyewe, kipimo kipunguzwe kwa utaratibu. Na wakati wa Ramadhani, mwenye kifafa asiupange upya muda wa dawa kwa akili yake, wala asimeze dozi mbili kwa mkupuo wakati wa daku. Aulize kabla mwezi haujaandama.

Kwa mtoto, hofu yetu ni uvimbe. Mtoto anayeamka asubuhi na kichwa kinamuuma, akatapika, na mwendo wake ukaanza kuwa wa kuyumba wiki baada ya wiki, huyo anahitaji picha ya ubongo. Wapo pia waliozaliwa sehemu ya chini ya ubongo mdogo imeteremka kwenye tundu la shingo, jambo linaloambatana sana na mgongo wazi. Nao macho yao hurukia chini. Mwenye upungufu wa kinga kwa VVU anaweza kupata maambukizi au kifua kikuu ndani ya ubongo, na baadhi ya hayo yana dawa.

Halafu yupo mama mjamzito anayetapika wiki kadhaa mfululizo, hakai na chakula. Vitamini B1 inamwishia mwilini. Macho yanaanza kucheza, mwendo unayumba, akili inachanganyika, na majirani wanasema mimba imeingiliwa na jini. Sindano ya vitamini hiyo, ikitangulia au kwenda pamoja na dripu ya sukari, inaweza kuyatuliza macho ndani ya masaa au siku chache. Ikichelewa, kumbukumbu yake inaweza isirudi tena. Katika yote niliyoyaandika leo hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa dawa yake ni vitamini tu.

Na pombe, ambayo hukumu yake mnaijua. Usiku wa kunywa, pombe huingia kwenye ule utando wa mfereji kabla ya kuenea kwenye maji, utando unakuwa mwepesi kuliko maji, na mlevi akilala kitanda kinazunguka. Masaa kadhaa baadaye mambo yanageuka kinyume. Hiyo ni ya sikio na inapita. Miaka ya gongo, lakini, huula ubongo mdogo wenyewe.

Swala inatusaidia kuuliza

Kwa mgonjwa Muislamu mimi huuliza kwa swala, kwa kuwa kila mkao wake unajulikana na unarudiwa kila siku. Kinakushika ukishuka sujudi au ukiinuka kutoka sujudi? Ukitoa salamu, kwa kugeuza shingo tu, je? Ukisimama kutoka kwenye kikao? Anayepata giza la macho kila anaposimama, bila dunia kuzunguka, mara nyingi ni damu pungufu au presha inayoshuka, na huyo habari yake ni nyingine kabisa. Anayezungukwa akiinama, akilala au akijigeuza kitandani, ndiye tunayemlaza kumtazama macho.

Wako wanaoacha swala kwa hofu ya kuanguka, na wako wanaojilazimisha sujudi mpaka wakaanguka kweli na kuumia. Fiqhi tuliyosomeshwa madrasa ina nafasi kwa mgonjwa: asiyeweza kusimama anaswali amekaa, asiyeweza kukaa anaswali amelala, na asiyeweza kushuka anaashiria kwa kichwa. Muulizeni imamu wenu kwa undani. Kisomo pia hakuna anayewazuia. Kinaweza kusomwa garini mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kabla hamjaondoka nyumbani, fanyeni jambo hili ambalo zamani halikuwezekana. Macho yakianza kucheza, mtu mmoja apige video kwa simu, karibu na uso, kwenye mwanga wa kutosha, mgonjwa akiwa amefumbua macho. Msimzungushe wala kumlaza kwa nguvu ili mpate video. Aliyeanguka au mwenye maumivu ya shingo asiguswe shingo kabisa. Sema kwa sauti kwenye video hiyo amelalia upande gani. Mkifika, macho yanaweza kuwa yametulia, na hiyo video ndiyo itakayotuonyesha yalianza lini, yalirukia wapi na yalidumu muda gani.

Uchunguzi wa kumlaza mgonjwa na kumtazama macho hauhitaji mashine, na kitanda hakikosekani hata kwenye zahanati. Picha ya ubongo ndiyo inayomtaka mtu asafiri, na kutoka Kibondo mpaka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kigoma mjini, ni zaidi ya kilomita 200. Wengine hupelekwa mpaka Bugando, Mwanza. Kwa hiyo macho yakichunguzwa vizuri Kasulu au Kibondo, mwenye chembe za sikio ataokolewa nauli, na mwenye ubongo mgonjwa atapata barua ya rufaa siku ile ile. Njooni na video, njooni na dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, zikiwa kwenye vifungashio vyake, na aje mtu mmoja aliyekuwepo macho yalipoanza kucheza.